Walinzi wa Mbegu katika Masisi na Walikale

Mtu aliyezoea kusikia habari za ukame kutoka Turkana, Ogaden au Dodoma huenda akastaajabu kuliona neno hilo likitajwa pamoja na Masisi na Walikale, wilaya mbili za jimbo la Kivu ya Kaskazini ambazo Mwenyezi Mungu amezijaalia mvua kuliko sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Kwa maana Masisi ni nchi ya milima, ya udongo mweusi wa volkano na ya malisho mabichi ambayo jibini yake huliwa mpaka Kinshasa, ilhali Walikale ni msitu mkubwa wa ikweta ambao mito yake, Oso na Lowa, huteremka magharibi kuelekea mto Kongo. Lakini ukame si lazima uwe jangwa. Mkulima aliyetia maharagi ardhini mwezi wa Septemba kwa kuiamini mvua ya kwanza, kisha akaona jua likiwaka majuma mfululizo hata mche ukanyauka kabla ya kutoa jani la tatu, amepatwa na ukame ulio kamili, japokuwa mwezi wa Novemba mvua itarudi kwa ghadhabu na kuuburura mpaka bondeni udongo ule ule uliokosa maji. Kwake yeye hesabu ya mvua ya mwaka mzima, hata ikiwa kubwa namna gani, haina faida. Anachohitaji ni mvua iliyo aminifu, na mvua ikikosa uaminifu, ahitaji mbegu stahimilivu na jirani aliyeiweka.

Huyo jirani ndiye ninayetaka kumnena leo. Katika miaka ya karibuni mipango ya kieneo ya uvumbuzi wa kilimo na ya kukabili ukame imekuwa mingi katika nchi za Maziwa Makuu, na afisi zake zilijaa katika mji wa Goma, kila moja na bendera yake na magari yake. Sina nia ya kuibeza. Mingi ilianzishwa na watu wenye ilimu na dhamira njema, na baadhi ya kazi zao nitazitaja kwa wema hapa chini. Ninalodai ni kwamba wenye mpango, kwa maana halisi ya kuumiliki, ni wanawake na wanaume wa vijijini wanaoichagua mbegu, wanaoijaribu, wanaoificha vita inapokuja na kuigawa inapopita, pamoja na mabwana shamba wa mahali, wanaoitwa kule maagronomu, ambao huwafuata kwa miguu katika vilima visivyopitika kwa gari. Na kwamba maadamu fedha, heshima na amri ya mipango hiyo haziwekwi mikononi mwa watu hawa, mipango yenyewe haitaishi kuliko magari yake.

Historia ya Masisi imefungamana na ukame tangu zamani. Mnamo miaka ya 1928 na 1929 njaa iliyopewa jina la Rwakayihura iliipiga Rwanda, hasa upande wa mashariki, na watu wengi wakavuka mipaka kutafuta chakula na kazi. Serikali ya Ubelgiji, ambayo ilitawala Kongo na kusimamia Rwanda pia, na ambayo ilikuwa ikitafuta mikono ya kufanya kazi katika mashamba ya walowezi wa Kivu, iliona katika masaibu hayo nafasi ya kutimiza haja yake. Mwaka 1937 ikaanzisha idara ya kuwahamisha Wanyarwanda, iliyojulikana kwa herufi MIB, na mpaka mwaka 1955 ilipokoma, watu wapatao 85,000 walikuwa wamekwisha hamishwa na kutulizwa katika milima ya Masisi, juu ya ardhi ambayo Wahunde na wami wao, yaani machifu, waliihesabu kuwa mirathi ya wazee wao. Wenyeji hawakuulizwa, na waliohamishwa hawakuambiwa kwamba ardhi waliyopewa haikuwa ya mpaji. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ambayo iliifanya ardhi yote kuwa milki ya dola na kuwafungulia mlango wakubwa wenye kujua njia za afisini kujipatia hati juu ya vilima vizima, huku mkulima aliyelima kwa idhini ya mwami na kutoa mutulo, yaani ushuru wake, kila mavuno akibaki bila karatasi yoyote mkononi. Fitina iliyolimbikizwa namna hiyo ililipuka mwezi wa Machi 1993, mauaji yalipoanzia katika soko la Ntoto, Walikale, na kuenea Masisi nzima. Na tangu siku zile mpaka leo sidhani kama kuna kizazi kilichokua huko bila ya kukimbia walau mara moja.

Nimeyataja haya si kwa kufukua makaburi, bali kwa sababu watu wanaobuni mipango ya kustahimili ukame aghalabu huyaacha nje ya vitabu vyao, ilhali ndiyo mzizi wa jambo. Karibu kila dawa inayojulikana ya kuushinda ukame katika nchi ya milima ni dawa ya miaka mingi: kupanda majani ya setaria au ya matembo kwenye mistari ya kukinga mteremko, kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, kuotesha gravilia mipakani, kulisha ardhi kwa samadi msimu baada ya msimu. Mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja katika ardhi ya tajiri, na ambaye huenda mwakani akaambiwa aondoke ng'ombe wapate malisho, atapanda mti kwa tumaini gani? Wakoloni nao walitaka mitaro, na walitaka mihogo, na waliyataka hayo kwa shuruti. Tangu mwaka 1917 kilimo cha lazima kilikuwa amri katika Kongo, na aliyeikaidi alifungwa au alichapwa. Utaalamu wa wale mabwana wa kilimo pengine ulikuwa sahihi, lakini ulishuka pamoja na mjeledi, na mtaro uliochimbwa kwa mjeledi hauna mwenyewe wa kuutunza siku mjeledi unapoondoka.

Sasa niseme juu ya mgomba, kwa kuwa hapo ndipo Masisi imetoa funzo ambalo Afrika ya Mashariki nzima imelitumia, na ni wachache wanaolijua chimbuko lake.

Katika mwaka 2001 wakulima wa Masisi waliona katika mashamba yao jambo ambalo wazee wao hawakulijua. Majani ya mgomba yalikuwa yakigeuka manjano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zikaiva kabla ya wakati, moja moja, bila ya mpango. Ukiipasua, nyama yake ilikuwa na rangi ya kahawia. Na ukilikata shina, utando wa manjano ulichuruzika polepole. Ilikuwa ni mnyauko wa bakteria, maradhi yaliyoelezwa kwanza na wataalamu huko Ethiopia mwaka 1968 juu ya enseti, mmea ulio ndugu wa mgomba, na ambayo kwa zaidi ya miaka 30 hayakuonekana nje ya nchi ile, hata katika mwaka huo huo wa 2001 yakazuka Mukono huko Uganda na Masisi huku Kongo. Profesa Vigheri Ndungo wa Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, na wenzake ndio waliothibitisha na kuutangazia ulimwengu wa wataalamu, mwaka 2006, kwamba maradhi ya Masisi ndiyo yale ya Ethiopia. Napenda jina la chuo hicho lisipite bila kuangaliwa: ni chuo cha mji wa Butembo, katika jimbo lile lile lenye vita, na mabwana wake walifanya kazi yao miaka ambayo barabara zilikuwa na vizuizi vya askari wa kila kabila la bunduki.

Ili msomaji asiye mkulima aelewe ukubwa wa msiba, ajue kwamba mgomba katika vilima vile ni ghala lililo hai. Maharagi yana msimu na viazi vina msimu, bali mgomba hutoa kila mwezi. Hulisha watoto, hutoa pombe ya kasiksi ya harusi na matanga, hulipa karo ya shule, na katika kiangazi kikali huendelea kusimama baada ya mazao mengine kukauka. Kuupoteza mgomba ni kuipoteza bima pekee aliyo nayo maskini dhidi ya ukame.

Nasaha ya kwanza ya wataalamu ilikuwa kali: mgomba mmoja ukiugua, ung'olewe pamoja na watoto wake wote, wazima kwa wagonjwa, kila kitu kifukiwe au kiachwe kioze, na mahali hapo pakae bila mgomba kwa miezi kadhaa. Kwa mantiki ya maabara nasaha hiyo haikuwa na kasoro. Lakini kung'oa shina kubwa la migomba kwa jembe la mkono ni kazi ya kuvunja mgongo, na mwenye shamba aghalabu ni mama ambaye mumewe amekwenda machimboni au amekwenda kaburini. Akiambiwa ang'oe chakula kilicho kizima kwa ajili ya kilicho kigonjwa, wala asiahidiwe cha kula katika miezi ya kungoja, hatang'oa. Wengi hawakung'oa. Walikata ule mmoja uliougua, wakauacha mwingine, wakitazama kwa hofu na rajua litakalokuwa. Kwa muda jambo hili lilihesabiwa kuwa ukaidi na ujinga wa wakulima.

Walakini watafiti wa shirika la Bioversity pamoja na wenzao wa Kivu na Uganda, ambao nawapa heshima kwa kukubali kufundishwa na shamba, walichunguza na kuona kwamba bakteria haiwafikii daima watoto wote wa mgomba uliougua, na kwamba mtu akilikata shina gonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa ardhi, mara tu dalili zinapoonekana, na akarudia kukagua shamba lake kila juma bila kuchoka, maradhi hupungua hata yakawa adimu, na shamba likaendelea kutoa chakula wakati wote huo. Kuna masharti mawili zaidi: panga lipitishwe katika moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na ua la dume livunjwe kwa mti wenye panda mara tu chane ya mwisho inapotoka, ili wadudu wasilete maradhi kupitia hapo. Moto, panga, na mti wenye panda. Hakuna hata kimoja kinachonunuliwa kwa dola. Katika muongo wa 2010 njia hii ilienezwa Kivu, na chini ya muungano wa utafiti uitwao CIALCA, ulioanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi, ilitafitiwa na kufundishwa mpaka ikakubalika katika nchi jirani.

Njia hii ina udhaifu mmoja, nao ndio unaotufikisha kwenye watu. Haifanyi kazi katika shamba la mtu mmoja. Mama mmoja akichoma panga lake kila siku na jirani yake asichome, bakteria itavuka mpaka kwa mguu wa nyuki. Kwa hiyo ni sharti kilima kizima kikubaliane, kichague siku ya kukagua, na kiwe na mtu anayesikilizwa wa kumkumbusha aliyesahau. Katika Masisi mtu huyo si mjumbe wa mradi anayepita mara moja kwa robo mwaka. Ni mkuu wa kikundi cha akiba, ile likelemba ya akina mama, ni katekista, ni agronomu wa kata ambaye mshahara wake wa serikali ni mdogo au haufiki kabisa, na ambaye huishi kwa kulima kama wale anaowafundisha. Nao wakikimbia? Shamba lililoachwa na mkimbizi huwa makazi ya maradhi. Hakuna anayekata, hakuna anayevunja ua la dume, na mwenyewe anaporudi, kama akirudi, hukuta migomba yake imekwisha na ya majirani imeambukizwa. Ndiyo maana nasema kwamba mnyauko wa migomba ya Masisi umekuwa ukifuata nyayo za askari kwa miaka 20 na zaidi, na hakuna daktari wa mimea awezaye kuutibu peke yake.

Habari ya maharagi ni fupi zaidi lakini ina adabu ile ile ndani yake. Mwanamke wa Kivu hapandi aina moja ya maharagi. Hupanda mchanganyiko, wa rangi nyingi, na mgeni hudhani ni uzembe. Kumbe kila rangi ina kazi: hii huvumilia jua, hii huvumilia matope, hii hukomaa mapema watoto wapate kula, hii hupendwa sokoni. Mvua ikifanya itakavyo, kitu fulani katika mchanganyiko huo hubaki. Kati ya mwaka 1988 na 1993, huko Rubona katika Rwanda, mtafiti Louise Sperling na wenzake walifanya jambo lililokuwa geni wakati ule: waliwaalika wanawake waliotambuliwa na vijiji vyao kuwa mabingwa wa maharagi, wakawaingiza katika mashamba ya majaribio ya serikali na kuwaachia wachague wenyewe. Aina walizozichagua, zilipokwenda kupandwa vijijini, zilishinda mchanganyiko wa mahali katika majaribio 64 mpaka 89 kwa kila mia, na mavuno yakaongezeka kwa kiasi kilichofika asilimia 38. Matokeo hayo yamekaa vitabuni kwa zaidi ya miaka 30. Laiti yangekuwa pia yamekaa katika mabaraza yanayoamua ni mbegu ipi inunuliwe kwa ajili ya Masisi!

Kwa maana leo bado tunaona mbegu ikinunuliwa kwa zabuni, kutoka kwa mfanyabiashara aliyeshinda kwa bei, ikafika kijijini baada ya mvua ya kwanza, katika magunia yasiyosema ni aina gani wala ililimwa katika mwinuko gani; ikapandwa, ikaoza au ikakauka, na taarifa ikaandikwa kwamba kaya kadha wa kadha zimesaidiwa. Uchunguzi wa Shawn McGuire na Sperling yuleyule, uliotolewa mwaka 2016 na kuzihusisha nchi sita ikiwemo Kongo, ulionyesha kwamba asilimia 90 ya mbegu za wakulima wadogo hutoka nje ya makampuni na serikali, na zaidi ya nusu ya zote hutoka katika masoko ya mahali. Basi ghala la mbegu la Masisi si jengo la mradi. Ni mafungu ya akina mama sokoni, ni vibuyu na mitungi iliyofungwa kwa majivu darini mwa nyumba, ni kumbukumbu ya bibi ajuaye kwamba maharagi haya yalitoka kwa dada yake aliyeolewa ng'ambo ya kilima.

Huko Mulungu, katika Kivu ya Kusini, kituo cha utafiti kilichorithiwa na INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kutoka enzi ya Wabelgiji kimefanya kazi ya kusifika pamoja na shirika la CIAT na mpango wa HarvestPlus, ya kutoa maharagi yenye madini ya chuma kwa wingi, mengine yakiwa ya kutambaa, ambayo katika kishamba kidogo huzidi kwa mbali mavuno ya maharagi mafupi. Nayasifu kwa moyo. Ila maharagi ya kutambaa yataka fito, fito zataka miti, na miti, kama nilivyokwisha kusema, yataka ardhi isiyonyang'anywa. Kisha fito hizo hushindana na makala, yaani makaa, yanayopelekwa Goma kwa magunia. Mradi wa EcoMakala, uliosimamiwa na WWF tangu mwaka 2007, uliwashawishi wakulima wa pembezoni mwa Hifadhi ya Virunga, na wa Masisi miongoni mwao, kupanda mikaratusi yao wenyewe ili msitu wa hifadhi upone. Na waliokuwa na ardhi ya hakika walipanda.

Walikale ni habari nyingine kabisa. Huko mvua si tatizo la kwanza, na ardhi ni pana: wilaya yenye kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Tatizo ni kwamba mikono imeondoka mashambani. Tangu bati lilipogunduliwa Bisie mnamo mwaka 2002, vijana kwa maelfu walitumbukia katika mashimo ya mlima ule ulio ndani ya msitu, na kwa miaka mingi ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami huko Kilambo, zikipakua unga, mchele na bia, na kupakia mawe. Nchi ambayo mihogo yake, mawese yake na ndizi zake zingeweza kulisha nusu ya jimbo ikawa inaletewa chakula kwa ndege! Katika utenzi mashuhuri wa Wanyanga, wenyeji wa Walikale, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliutoa kitabuni mwaka 1969, shujaa Mwindo anapewa mtihani wa kuotesha shamba la migomba kwa siku moja, na vyombo vya kazi vinalima vyenyewe kwa ajili yake. Kwamba watu wa msituni walimpima shujaa wao kwa migomba, wala si kwa mikuki peke yake, lanionyesha jinsi walivyokitukuza kilimo. Lakini majembe ya Walikale ya leo hayalimi yenyewe, na walioyashika wamebaki wanawake, wazee na wale wachache walioona kwamba shimo la Bisie halina uzee. Hao hulima mihogo iliyokinzana na maradhi ya batobato, hukamua mawese, na huyabeba kwa mgongo, kwa sababu barabara ya Goma hufungwa na matope nusu ya mwaka, na bunduki nusu nyingine.

Kisha ikaja mitihani ya miaka hii. Mwezi wa Aprili 2024 ukiisha, Rubaya pamoja na machimbo yake ya koltani iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwanzoni mwa Januari 2025 mji wa Masisi ukachukuliwa. Mwishoni mwa mwezi huo Goma. Na tarehe 19 Machi hata Walikale mjini ikaingiwa, ingawa waasi waliondoka huko majuma machache baadaye. Mamia ya maelfu ya watu wa Masisi walikuwa wamejazana katika makambi ya pembezoni mwa Goma, Bulengo, Rusayo, Lushagala na mengineyo. Mama anayekimbia hubeba mtoto, hubeba sufuria, na akijaliwa hubeba kifundo cha mbegu. Lakini kifundo hicho, baada ya miezi kambini bila posho, hupikwa. Februari 2025 makambi yakavunjwa kwa amri na wakaaji wake wakaambiwa warudi kwao, katika msimu wa kupanda, bila mbegu, bila jembe, na wengi bila nyumba. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa, hivyo hata akiba ya vikundi iliyokuwa benki haikupatikana. Mara hiyo miradi mingi iliyokuwa ikisifu ustahimilivu wa wakulima ilisimamisha shughuli, wakuu wake wakaondoka, na ustahimilivu ukabaki na wakulima wenyewe. Mbegu iliyopandwa Masisi msimu ule, kwa sehemu kubwa, iliazimwa kwa jirani, au iligawanywa nusu kwa nusu na jamaa ambaye hakukimbia, au ilinunuliwa sokoni kwa deni la kulipwa mavuno.

Kutokana na hayo naona hoja ya wale wanaosema kwamba hakuna la kufanya mpaka amani ije ni hoja ya mtu asiyelala njaa. Amani ni faradhi na wenye kuizuia watajibu. Ila mche haungoji mkataba. Yapo mambo ambayo mpango wowote wa kieneo, ukiwa na insafu, waweza kuyatenda hata sasa. Wa kwanza kulipwa awe agronomu wa mahali na mama mlinzi wa mbegu, si mwisho wa mradi kama takrima, bali kwa mwezi kama ujira, kwa kuwa kazi yao ni kazi. Na kama benki hazipo, fedha zipite kwa simu au kwa kikundi cha likelemba, ambacho hesabu zake akina mama huzisoma hadharani. Mbegu inunuliwe kwanza kwa wakulima wa kilima cha jirani, katika mwinuko uleule, wakiwepo wanaojua kuipima kwa macho na meno. Mabingwa wa mahali waitwe kwa majina yao katika ripoti, kama vile maprofesa wanavyoitwa.

Serikali ya Kinshasa nayo isijifiche nyuma ya vita. Mnamo Julai 2003, huko Maputo, mataifa ya Afrika yaliahidi kutoa asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, na kwa miaka mingi Kongo haikuikaribia ahadi hiyo. Mwaka 2016 Kanuni ya Familia ilirekebishwa hata mke asihitaji tena idhini ya mumewe kufanya mambo ya kisheria. Ni haki kubwa, lakini katika vilima vya Masisi mjane bado hufukuzwa na shemeji zake katika shamba alilolilima miaka 20, na migomba aliyoitibu kwa mikono yake ikakatwa na mtu asiyejua kuchoma panga. Sijui uharibifu wa maarifa ulio mkubwa kuliko huo. Huko Beni na Lubero, vyama vya wakulima kama SYDIP na LOFEPACO, ligi ya wanawake wakulima, vimekuwa vikiwatetea watu wa namna hiyo mbele ya machifu na mahakimu kwa miaka mingi, na shirikisho la FOPAC limewaunganisha wazalishaji wa jimbo; vyama hivyo vinajua lugha, vinajua mipaka ya mashamba, na havina mahali pengine pa kwenda vita vikija. Kwa nini basi, mradi mkubwa wa kieneo unapobuniwa, vyama vya namna hii viitwe mwishoni ili kutia sahihi, badala ya mwanzoni ili kuamua?

Msimu mkuu wa Masisi huanza Septemba. Mwenye nia ya kuisaidia nchi ile dhidi ya ukame ana mpaka Julai kufika, kuketi na akina mama wa kila kilima, kuwauliza mbegu gani imebaki kwa nani na ni ipi imepotea, kununua ya huyu ampelekee yule, na kumlipa agronomu miezi yake ya nyuma. Mbegu sharti iwe chini ya paa la mkulima kabla Agosti haijaisha.